Mwandishi Aliyemrudisha Mjomba Wako

Nasimiyu, binti yangu,

Umeenda kusukwa nywele kwa Shiru, na ninavyowajua nyinyi wawili, mdomo utafanya kazi kuliko vidole. Basi nimepata nafasi. Anko Pato yuko chumbani kwake, redio anaisikiliza kwa sauti ya chini kama kawaida yake. Begi lako nimeliona pale mlangoni, limejaa hadi zipu inalalamika, na sitaligusa.

Sitakuandikia habari za joto la Garissa wala maji ya kunywa wala namna ya kuishi na wenye nyumba. Akina mama wa kanisa wamekushauri hayo mpaka ukaanza kujificha wakija. Nataka kukuandikia juu ya Silas.

Siku ile ulipopigiwa simu ulikuja mbio jikoni ukanirukia. "Mum! Ni yeye mwenyewe amenipigia! Silas! Amesema nitakuwa kwenye dawati la usalama kule Garissa, chini yake!" Nilikukumbatia. Halafu ukaniangalia usoni ukauliza mbona machozi, nikakwambia ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja jikoni siku hiyo. Tulikuwa tunachemsha maziwa.

Najua Silas ni nani kwako. Ile habari yake uliikata gazetini ukiwa msichana mdogo, ukaibandika ndani ya mlango wa kabati, na ulipokwenda chuo ukaenda nayo. Ulimwambia kila mtu kwamba ndiyo iliyokufanya utake kuandika. Sikuwahi kukwambia neno, kwa sababu ni kweli habari ile ilimrudisha anko wako nyumbani. Lakini si hilo tu ililofanya. Kesho unakwenda kukaa meza moja na huyu mtu, na hayo mengine huyajui.

Ulikuwa darasa la sita. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Pato alikuwa amehamia kwetu hapa mtaa wa Tena ili tusaidiane kodi na ili mtoto asikae nyumba isiyo na mwanamume. Unakumbuka alivyokuwa akiimba akioga. Karakana yake ilikuwa Kariobangi, kibanda cha mabati katikati ya mafundi wengine, friji zimepangwa nje kama watu wanaosubiri daktari. Alipenda friji zilizokataliwa na mafundi wengine. Akiifufua moja alikuwa anakuja nyumbani na kutusimulia mpaka tunasinzia.

Waliomchukua walikuja mchana, watu wamejaa barabarani. Fundi jirani yake, Odhis, ndiye aliyekuja kuniambia shuleni, mikono ikiwa bado na grisi. Alisema wanaume wanne waliovaa kiraia waliuliza fundi wa friji ni nani. Pato akainua mkono, akidhani ni wateja. Mmoja akamwambia wana friji kubwa ya hoteli inayovuja, twende uione. Alipanda gari na kisanduku chake cha vifaa. Odhis alisema, "Mathe, hata alikuwa anasmile."

Nilizunguka vituo vya polisi. Kila nilikouliza niliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Usiku sikulala, na asubuhi nilirudi kazini kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Mimi ni karani wa shule. Gazeti la mwalimu mkuu hupitia mezani kwangu kwanza. Siku ya pili au ya tatu nikalifungua, na Pato alikuwa ukurasa wa kwanza.

Habari ile ilikuwa ya Silas. Wakati ule alikuwa ndiye mwandishi wa mambo ya usalama anayesomwa kuliko wote, na alistahili. Alikuwa ameandika juu ya wakubwa fulani waliokuwa wakiuza mafuta ya magari ya doria huku vijana wao wakitembea kwa miguu mpakani. Kwa habari hiyo alivamiwa na kuvunjwa mkono, na mpaka leo vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki. Kwa hiyo nilipoona jina lake juu ya jina la ndugu yangu, sikuweza kusema, ah, huyu ni mropokaji. Angekuwa mropokaji ningelala.

Aliandika kwa utulivu. Hakumtukana Pato. Alisema duru za usalama zimemweleza kwamba fundi mmoja wa Eastlands amekuwa akiwatengenezea magaidi vifaa vya milipuko, na kwamba kwake kumepatikana mitungi ya gesi, nyaya, na vidude vya kupimia muda. Alimnukuu afisa ambaye hakutaka kutajwa. Aliandika kwamba familia haikupatikana kuzungumza. Mimi, familia, nilikuwa nimekaa mezani kwangu na simu imewashwa.

Unajua nilifanya nini, Nasimiyu? Nilikwenda nyumbani kabla ya saa za kutoka, nikainama chini ya kitanda cha Pato, nikapekua sanduku lake. Mimi niliyembeba mgongoni. Nilikuta suruali, cheti chake cha ufundi, na picha yako ukiwa umeng'oka meno. Nikakaa sakafuni nikilia, nusu kwa ajili yake na nusu kwa sababu nilikuwa nimepekua. Sentensi zile tulivu zilikuwa zimenishika mkono na kunifikisha pale bila kunisukuma.

Baadaye akili ilinirudia. Niliisoma tena habari ile polepole. Mitungi ya gesi, sawa, gesi ya friji. Nyaya, ndiyo. Vidude vya kupimia muda vimo kwenye kila friji inayoyeyusha barafu yenyewe. Kila kitu kilikuwa kweli na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nikajiuliza Silas mwenyewe ameona nini kwa macho yake. Hakuna alichoona. Nikajiuliza nani anafaidika Pato akiwa gaidi. Niliuliza maswali ambayo naamini hata huko chuo mlifundishwa. Maumivu yalinifanya mwerevu sana.

Nilikwenda mjini kwenye ofisi ya gazeti nikakaa mapokezi. Walinifukuza, nikarudi kesho yake, wakanifukuza, nikarudi. Mwishowe alishuka mwenyewe. Mtu mrefu, shati limepigwa pasi, anakuangalia kama vile hakuna mwingine duniani.

"Mama, nimeambiwa unanitafuta."

"Umeandika kwamba ndugu yangu ni gaidi. Umewahi kumwona?"

"Hapana."

"Umewahi kuona ndani ya friji?"

Akasema, "Nipeleke."

Hilo nitamheshimu nalo mpaka nife. Wangapi wangesema nipeleke? Tulikwenda Kariobangi siku ileile. Aliingia kibandani, akachuchumaa, akagusa kompresa moja baada ya nyingine. Odhis akamfungulia friji mbovu, akamwonyesha kila kidude, akamwambia, "Buda, hizi ni vitu za friji. Hata kwako ziko. Unataka tukakushike?" Silas hakucheka. Alitoka mlangoni mwa kibanda, akaniambia, "Mama Nasimiyu, nipe muda."

Muda ukapita. Nyinyi shuleni mlikuwa mnapigana. Ulimng'ata mtoto wa watu sikio kwa kumwita anko wako gaidi. Majirani walikuwa wanapunguza sauti nikipita ngazini. Nilianza kumtukana Silas moyoni. Kisha Jumapili moja, kabla ya ibada, Mama Shiru alikuja akigonga mlango kwa ngumi huku gazeti likipepea mkononi.

Ndiyo ile uliyoikata. Unaijua kwa moyo. Silas aliandika kwamba maafisa walikosea, kwamba Patrick ni fundi wa friji na si zaidi, na akaeleza kibanda kile mpaka unasikia harufu ya gesi. Aliandika juu yangu nikiwa mapokezi. Ni habari nzuri, mwanangu. Sijasoma nzuri kuliko hiyo.

Lakini wewe uliikata kwa kufuata picha, ukaacha kisehemu cha chini kilichoendelea ukurasa wa ndani. Huko aliandika kwamba, kwa mujibu wa afisa mmoja wa ngazi ya juu, mtu aliyekuwa akitafutwa hasa ni fundi mwingine, kijana wa Mukuru kwa Reuben anayeitwa Abdalla, aliyewahi kununua vipuri kwa Pato. Jina lake na mtaa wake. Na kwamba amekuwa akikwepa mkono wa sheria.

Nilisoma sentensi hizo. Sitadanganya kwamba sikuziona. Nilizisoma nikasema, kumbe! Nikasema asante Mungu, mwenye makosa amejulikana. Sikujiuliza Silas amemwona huyo Abdalla wapi. Sikujiuliza nani anafaidika. Ule werevu wote niliokuwa nao juma lile la kwanza ulikwenda wapi? Habari ilikuwa imenipa ndugu yangu, nami nikaipa kila kitu.

Alhamisi asubuhi Pato akaingia mlangoni. Walimwacha kando ya barabara kuu, akapewa lifti na gari la maziwa. Alikuwa amevaa shati si lake. Ulimkumbatia kiunoni ukashindwa kumwachia, naye akasimama tu, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau mikono ni ya nini.

Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda kanisani. Nilisimama mbele na gazeti, nikasoma habari nzima, pamoja na kile kisehemu cha ukurasa wa ndani. Nililitaja jina la Abdalla kwenye kipaza sauti. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mchungaji akasema Mungu humfichua mwovu. Wewe ulikuwa kiti cha mbele, umevaa gauni la njano, unapiga makofi kuliko wote.

Mama wa huyo Abdalla alikuja mwezi uliofuata. Alinikuta shuleni, akasimama dirishani pangu kama mzazi aliyekuja kulipa karo. Mwanamke mfupi, mtandio wa kijani, viatu vya kazi. Alikuwa akifanya kibarua kwenye kiwanda kimoja kule Industrial Area, na alikuwa ametoka zamu.

"Samahani, dada. Wewe ndiye dada yake Patrick fundi?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Nimeambiwa unamfahamu yule mwandishi. Nimeambiwa alikusaidia." Alipumua. "Mimi ni mama yake Abdalla."

Sikumwambia kaa. Nilisahau. Alisema mwanawe alichukuliwa Jumatano alfajiri, siku tatu baada ya gazeti kutoka. Hakuwa akikwepa mtu yeyote. Alikuwa amelala kitandani kwake. Friji alikuwa akirekebisha za wauza maziwa na samaki wa mtaani. Hakuja kunilaumu. Alikuja kuniomba nimpeleke kwa Silas, kwa vile mimi nilikwenda nikapata.

"Nilitaka kujua ulimwambiaje," alisema. "Ulisema maneno gani mpaka akakusikia? Nami niseme hayohayo."

Nasimiyu, nimeishi na swali hilo. Kuna siku niko jikoni nalisikia kwa sauti yake ileile, ya upole, ya mtu anayeuliza njia.

Nilimpeleka. Tulikutana na Silas kwenye hoteli ndogo mjini, chai ikaletwa, haikunywewa. Mama Abdalla alieleza taratibu. Silas alimsikiliza na yale macho yake. Alipomaliza, Silas akasema, "Mama, niliambiwa na mtu ninayemwamini."

Mimi ndiye niliyeuliza. "Ni yuleyule aliyekwambia juu ya Pato?"

Aliangalia kikombe.

"Silas, ni yuleyule?"

"Ni yeye."

"Aliyekudanganya."

"Hakunidanganya, alikosea. Halafu alikubali kwamba alikosea, na maafisa hawakubali hivyo, Mama Nasimiyu, hujui ilivyo ngumu. Alisema atanipa ukweli wote. Kwamba walimkosa waliyemtaka, na waliyemtaka ni huyu." Alikuwa akiongea haraka sasa. "Bila hilo asingesema lolote. Na bila yeye kusema, Pato hangetoka."

Mama Abdalla aliuliza, "Kwa hiyo ilikuwa lazima pawe na mtu?"

Silas alikuwa na machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, nayajua ya uongo. Aliahidi kuandika. Alipiga simu baada ya wiki mbili kuniambia amejaribu, lakini mhariri wake amekataa. Amesema gazeti haliwezi kukosea mara mbili kwa habari moja, wasomaji watauliza mara ya tatu ni lini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechapwa. Nikamwambia pole. Hebu fikiria. Mimi nikamwambia yeye pole.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini miezi ilipita, na siku moja ya Jumapili nilikuwa nasukuma chapati, Pato amekaa kwenye kigoda anapasha mikono jikoni. Hakuwa amesema neno juu ya kule alikokuwa. Ghafla akasema, bila kuniangalia, "Sister, siku wananitoa, kuna mtu alikuwa anaingizwa."

Nikaacha chapati.

"Nilikuwa nimefungwa macho. Tulipishana mlangoni. Bega lake liligusa langu. Alikuwa amevaa patipati, nilisikia zinapiga sakafu. Alikuwa anawaambia ni fundi wa friji. Anarudia tu. Mimi ni fundi wa friji, mimi ni fundi wa friji. Nikadhani ni mimi ninayesema."

Chapati iliungua, ukaingia kutoka sebuleni kuuliza moshi ni wa nini.

Siku iliyofuata nilimpigia Silas. Nilijua hii ndiyo itakayomfungua Abdalla, angalau itawalazimu polisi kusema yuko wapi, maana walikuwa wamekana kumshika. Silas alinisikiliza mpaka mwisho.

"Aliona uso?" akauliza.

"Nimekwambia alifungwa macho."

"Kuna mwingine anayeweza kuthibitisha?"

"Mwingine nani, Silas? Wale waliomshika?"

"Mama Nasimiyu, nakuelewa. Lakini siwezi kuchapisha kwa neno la mtu mmoja. Ndiyo kanuni ya kazi."

Alisema kwa huruma na kwa uaminifu wote. Aliamini alikuwa akinipa kanuni iliyo safi. Nilikata simu, nikakaa, na baada ya muda nikaelewa kilichokuwa kikiniwasha. Abdalla aliandikwa kwa neno la mtu mmoja. Pato pia. Mtu yuleyule mmoja, mwenye ofisi na dereva. Neno lake lilitosha kumwingiza kijana gazetini, na la Pato halikutosha kumtoa.

Hapo ndipo nilipoona upande anaoegemea Silas, na nakwambia yeye mwenyewe haujui. Watu hutafuta upendeleo kwenye maneno makali, kwenye nani ametukanwa na nani amesifiwa. Silas hatukani mtu. Ukimsoma unasikia mizani. Lakini chunguza anamwamini nani bila shahidi wa pili, na nani anamwambia alete mwingine. Ndipo alipo. Tangu siku hiyo kila habari yake nimeisoma hivyo, na nimekuwa nikimsoma miaka yote hii, huwezi kunilaumu kwamba simjui. Anapokwenda mwenyewe, akachuchumaa akagusa kitu, namwamini kabisa, hata akiniudhi. Ile ya mafuta ya magari alikwenda mwenyewe. Kibandani alikwenda mwenyewe. Reuben hakwenda. Ni mwendo mfupi tu kutoka ofisini kwao, na hakwenda.

Usinielewe vibaya. Sijasema ni mwongo, na ukiwasikia wale wanaomwita kibaraka mitandaoni, mimi ningekuwa wa kwanza kuwabishia. Wengi wao wanamchukia kwa zile habari alizosema kweli. Na mimi si shahidi mzuri juu yake pia. Namdai na ananidai. Anko wako yuko chumba cha pili, hai, kwa sababu Silas alisema nipeleke. Pato hataki kusikia neno baya juu yake. Akisikia sauti yake redioni hunyamazisha kila mtu. Mara moja nilijaribu kumtajia Abdalla, akatoka nje na hakurudi mpaka giza. Labda anaamini kwamba habari ile ikiwa na doa, basi na yeye kurudi kwake kuna doa. Nami nimekaa kimya kwa sababu hiyo, na kwa sababu yako, na kwa sababu nilikuwa nimelitaja jina lile kanisani na sikujua ningelirudishaje.

Nilimwomba mchungaji nafasi ya kusema tena, mwaka uleule. Alinipa. Nilisema kwamba sijui kama Abdalla ana kosa lolote, na kwamba nililitaja jina lake bila kujua. Hakuna aliyepiga makofi, na baada ya ibada mama mmoja akaniuliza kwa wasiwasi kama niko sawa. Wewe ulikuwa Sunday school wakati huo. Sikukusimulia.

Abdalla hajarudi. Mama yake alikwenda kila mahali nilikokwenda na kwingine nisikokujua. Yule afisa alipandishwa cheo, halafu akastaafu. Nilimwona kwenye runinga akihojiwa kama mtaalamu, na aliyekuwa anamhoji ni Silas. Waliitana "ndugu yangu".

Ulipopata kazi hii nilikaa nayo siku kadhaa, kisha nikaenda Reuben kumwambia Mama Abdalla, kwa sababu sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Tumekuwa tukionana miaka hii. Amezeeka haraka. Zamu za usiku amepunguziwa, miguu inavimba. Alinikaribisha, akatandika leso kwenye kiti, na nikamwambia moja kwa moja kwamba binti yangu anakwenda kufanya kazi na Silas.

Nilitarajia anifukuze. Akapapasa magoti.

"Anaandika vizuri, binti yako?"

"Naambiwa anaandika vizuri."

"Basi aje siku moja. Nitamweleza juu ya Abdalla, tangu alipozaliwa." Akafikiri kidogo. "Lakini mwambie asiniamini."

"Usiseme hivyo, Mama Abdalla."

"Nasema. Mimi ni mama. Hata kama mwanangu angekuwa na kosa, ningekwambia hana. Nimejiuliza usiku mwingi. Kuna vijana walikuwa wanakuja kwake, sikuwauliza ni akina nani. Friji ngapi zinaharibika usiku? Sijui. Mimi namjua kama nilivyomlea, mengine siyajui." Alinishika mkono. "Aje aniulize mimi, halafu aulize jirani, aulize wauza samaki, aulize hata wanaomchukia. Akute alichokuta. Kama ni kibaya, akiandike kibaya. Mradi awe amekuja mpaka hapa."

Nilikuwa nimekwenda pale nikimwona kama mwenye haki yote na Silas mwenye deni lote, na hata hapo nikawa nimekosea kusoma.

Sikwambii usiende, mwanangu. Nenda. Jifunze kwake namna ya kuchuchumaa na kugusa, maana katika hilo hana mwenzake. Siku atakapokwambia andika, nimeambiwa na mtu ninayemwamini, wewe tafuta viatu vyako. Na siku utakapopata habari inayokufurahisha mpaka unataka kuisoma kwa kipaza sauti, nakuomba ukae chini kwanza. Mimi sikukaa.

Hujui kama Abdalla alikuwa na kosa. Mimi sijui. Silas hajui, ingawa aliandika. Kuna watu wanaojua, na hawajawahi kuulizwa na mtu aliyesimama mbele yao akingoja jibu.

Mama Abdalla anaishi ng'ambo ya daraja la chuma, mlango wa bluu, uliza kwa jina hilohilo la Mama Abdalla; wote wanamjua. Zamu yake sasa ni ya asubuhi, kwa hiyo alasiri utamkuta. Amesema huwa anaacha mlango wazi.

Wako anayekupenda na kukuogopea,
Mama